Gari Halivuti Mlimani: Tafuta Sababu Kabla ya Kununua Spea

Swali hili haliishi: "Gari langu kwenye tambarare linakwenda vizuri tu, nikifika mlimani linalegea. Nibadilishe nini?" Majibu nayo hayaishi. Mmoja anasema plagi, wa pili pampu ya mafuta, wa tatu anakwambia toa masega (kile kisafishio cha moshi kilicho kwenye ekzosi) utakuja kunishukuru. Mwenye gari anafanya yote matatu, pesa inakwisha, na mlima Kitonga bado anaupanda kwa gia namba moja nyuma ya malori.

Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kumfikia mhalifu kwa mpangilio. Mifano mingi nimeitoa kwenye gari dogo la petroli la Toyota lenye injini ya 1NZ-FE (IST, Probox na ndugu zao) kwa kuwa ndizo zimejaa barabarani, lakini mpangilio ni uleule kwa gari lolote la petroli. Dizeli nimeipa sehemu yake mbele.

Nadharia ni kidogo tu. Gari dogo likitembea 60 kwenye tambarare linatumia sehemu ndogo ya nguvu za injini, kwa hiyo injini iliyopoteza robo ya nguvu zake haikuonyeshi dalili yoyote. Mlima ndio unaodai zote. Ndiyo maana fundi anayepiga resi gari likiwa limesimama gereji, akasikiliza, akasema "mbona liko poa", hajapima kitu. Gari hili linapimwa likiwa na mzigo.

Jambo la pili ni urefu wa mahali. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Gari la nguvu za farasi 109 Dar es Salaam linabaki na kama 90 likifika Mbeya, ambako ni karibu mita 1,700. Hilo si ugonjwa, na hakuna spea ya kulitibu. Kama una gari la injini ya lita moja, mna watu watano na magunia mawili ya viazi nyuma, mnapanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, gari lina haki ya kulegea.

Andaa vitu hivi kwanza

- Kifaa kidogo cha OBD, yaani cha kusomea kompyuta ya gari, kinachoungana na simu, pamoja na programu yake. Angalizo: magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kabla ya takriban 2008 yana soketi ya OBD lakini hayazungumzi na vifaa hivi vya bei rahisi. Likikataa, tafuta fundi mwenye mashine kubwa. Usihitimishe kwamba gari halina kodi (namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huzihifadhi).
- Soketi namba 10 na soketi ya plagi (namba 16 kwa 1NZ-FE).
- Geji ya upepo wa matairi na tochi.
- Kopo la dawa ya kusafishia sensa ya hewa. Iwe ya sensa hasa. Dawa ya kabureta inaweza kuiua.
- Mtu wa pili wa kurekodi dashibodi kwa simu. Dereva asishike simu.
- Mlima unaoujua, mrefu kidogo, usio na msongamano. Fanya mchana, na si kwenye kona za mlima Sekenke ambako lori la nyuma halina pa kukukwepa.

Hatua ya 1: Ondoa visingizio

Pima upepo wa matairi ulinganishe na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Toa mzigo usiohitajika. Kisha tazama kapeti la dereva: kapeti nene lililojikunja chini ya pedali huizuia isifike chini, na nusu ya resi inaishia hapo. Unacheka, lakini angalia.

Halafu breki. Endesha kama dakika kumi bila kushika breki sana, simama taratibu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa diski. Rimu moja ikiwa na moto kuliko wenzake, breki ya tairi hilo imekamata na gari linapanda mlima huku limeshikwa mguu. Pima pia kwa kuweka gia huru mahali tambarare na kulisukuma kwa mkono. Gari dogo zima linasogezwa na mtu mmoja.

Hatua ya 2: Panda mlima ukitazama mshale wa RPM

Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka, nayo ndiyo inayookoa pesa kuliko zote. Injini ikiwa imeshapata moto wake wa kawaida, ingia mlimani ukiwa na mwendo wa 50 au 60, zima kiyoyozi, weka gia namba tatu (kwa otomatiki zima ova draivu, ile gia ya juu kabisa), kanyaga resi hadi chini. Mwenzako arekodi dashibodi yote, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) na wa mwendo vikionekana pamoja. Utapata moja kati ya hizi:

(a) RPM inapanda, mwendo hauongezeki. Injini inafanya kazi, nguvu inapotelea njiani. Nenda hatua ya 8, usiguse plagi wala pampu.

(b) RPM haitaki kupanda, injini inaguna laini bila kutikisika, kama imekabwa. Shuku hewa, mafuta au ekzosi.

(c) Injini inatikisika, inakatakata, inamisi. Shuku moto wa plagi kwanza, mafuta baadaye.

(d) Inaanza vizuri, baada ya dakika chache inafifia. Ukisimama ikapoa inarudi. Shuku pampu ya mafuta, masega, joto la injini au joto la gia boksi.

(e) RPM inagota palepale kila mara, mara nyingi kati ya 2,500 na 3,000, hata ukanyage vipi. Kompyuta imeingia kwenye hali ya kujilinda. Hapo kuna kodi, nenda ukaisome.

Wenye CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua): RPM kuruka juu mara tu ukanyagapo, na mwendo ukafuata pole pole, ndiyo tabia ya gia boksi hiyo. Tatizo ni pale mwendo unapokataa kabisa kufuata. Na otomatiki ya kawaida ikipandisha na kushusha gia kila baada ya muda mfupi mlimani, inatafuta gia inayofaa tu. Zima ova draivu itulie.

Hatua ya 3: Soma kodi kabla ya kufungua chochote

Soma hata kama taa ya injini haiwaki, maana kuna kodi zinazosubiri. Zinazohusiana zaidi na mlima ni hizi:

- P0300 hadi P0304: injini inamisi. Tarakimu ya mwisho inataja silinda. P0300 ni kumisi kusikochagua silinda.
- P0171: mafuta machache kuliko hewa.
- P0101 na P0102: sensa ya hewa.
- P0325: sensa ya kugundua injini inapogonga (noki). Kompyuta isipoisikia, inachelewesha moto ili kuilinda injini, na nguvu ya mlimani inakwenda. Wengi huidharau kwa kuwa gari halitikisiki.
- P0420: masega yamechoka. Haisemi kwamba yameziba, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kosa la kawaida: kufuta kodi kwanza "tuone kama itarudi". Ukifuta, umefuta na kumbukumbu ya hali ya gari tatizo lilipotokea. Piga picha kwanza.

Kodi nayo inataja mahali pa kuanza kutafuta, haitaji spea ya kununua. P0171 imewauzia watu sensa nyingi zisizo na hatia, kumbe ni mpira wa hewa uliopasuka.

Hatua ya 4: Hewa

Fungua boksi la ea klina. Ichukue filta uitazame dhidi ya tochi. Usipoona mwanga ukipenya, badilisha. Kwa waliopita barabara za vumbi jekundu, filta ya miezi michache inaweza kuwa tofali. Kuipuliza kwa upepo wa kompresa ni sawa kwa dharura, lakini upepo mkali hutoboa karatasi, na kuanzia hapo vumbi linaingia kwenye silinda.

Fuata mpira wa hewa kutoka kwenye boksi hadi kwenye throto (mlango wa hewa wa injini). Ukunje kwa mkono uone mikunjo yake ya ndani, nyufa hujificha humo. Kisha chomoa sensa ya hewa, ipulizie dawa yake, iache ikauke yenyewe kabla ya kuirudisha. Usiifute kwa kitambaa. Waya zake ni nyembamba kama unywele.

Throto yenye masizi huathiri zaidi injini ikiwa haijakanyagwa resi. Isafishe, lakini usitarajie mlima utakuwa tambarare.

Hatua ya 5: Moto

Injini ikielemewa, mgandamizo ndani ya silinda unakuwa mkubwa, na cheche inahitaji umeme mwingi zaidi ili iruke. Koili (inayoipa plagi umeme) iliyochoka au plagi ambayo mwanya wake umepanuka inaweza kufanya kazi vizuri mjini siku nzima, ikashindwa mlimani tu.

Injini ikiwa imepoa, fungua bolti za namba 10, chomoa koili, toa plagi zote nne, uzipange kwa mpangilio wa silinda. Tazama:

- Mwanya. Kwa 1NZ-FE uwe kama milimita 1.1. Ukiwa mkubwa kuliko hapo, plagi zimeisha.
- Rangi. Kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi kavu ni mafuta mengi au moto hafifu. Nyeusi yenye unyevu wa oili ina maana injini inapitisha oili. Nyeupe sana, ikiungua, huja na mafuta machache, na inakupeleka hatua ya 6.
- Mstari mweusi kwenye kauri au ufa kwenye mpira wa koili. Umeme unatorokea hapo.

Kama una kodi ya silinda moja, tuseme P0302, hamisha koili ya silinda ya pili uiweke ya tatu, futa kodi (ulishapiga picha), rudi mlimani. Ikija P0303, umempata: ni koili. Ikibaki P0302, hamisha plagi. Ikibaki tena, ni nozeli au silinda yenyewe. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, ila wauza spea hawakitaji.

Plagi feki zimejaa sokoni, kwenye boksi safi kabisa. Nunua kwa mtu unayeweza kumrudishia.

Hatua ya 6: Mafuta

Dalili yake: gari linapanda sekunde kadhaa, linakosa pumzi, ukiachia resi kidogo linapata nafuu. Pampu inaleta mafuta ya tambarare, ya mlima haiwezi.

Kwa kifaa cha OBD tazama marekebisho ya mafuta (fuel trim), ya muda mfupi na ya muda mrefu, ukiyajumlisha. Yakiwa juu sana gari likinguruma bila kukanyagwa resi, kisha yakashuka RPM ikipanda, hewa inavujia mahali baada ya sensa. Yakiwa ya kawaida hapo, kisha yakapanda kupita asilimia 10 kadiri mzigo unavyoongezeka, mafuta hayatoshi au sensa ya hewa inadanganya.

Kipimo kingine kizuri: rekodi volti za sensa ya nyuma ya oksijeni, ile iliyo baada ya masega, huku umekanyaga hadi chini mlimani. Injini yenye afya hapo huongezewa mafuta, na volti hukaa karibu 0.8 au zaidi. Zikianguka hadi 0.1 au 0.2 wakati unakanyaga, injini inakufa njaa.

Kuthibitisha, fundi apime presha ya mafuta. Kwa 1NZ-FE inatakiwa kati ya 304 na 343 kPa, yaani 44 hadi 50 psi. Kipimo hiki mwachie fundi mwenye kiunganishi sahihi. Petroli yenye presha ikirukia ekzosi yenye moto utapoteza gari lote. Asiwepo wa kuvuta sigara, na kizima moto kiwe karibu.

Usikimbilie kubadilisha pampu nzima. Chujio lililo chini ya pampu ndani ya tangi mara nyingi ndilo lililoziba kwa uchafu, hasa kwa wanaotembea na taa ya mafuta ikiwaka kila wiki. Kuhusu mafuta yaliyochakachuliwa, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta tangu 2010, lakini vinasaba havizuii maji kuingia kwenye tangi la sheli wala kwenye kidumu cha pembeni mwa barabara. Kama tatizo limeanza saa chache baada ya kujaza, anza na hilo.

Hatua ya 7: Ekzosi na masega

Injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya. Dalili za masega kuziba ni gari kuwa zito polepole kwa wiki kadhaa, kukosa nguvu zaidi kwenye RPM kubwa, na joto la ajabu chini ya sakafu.

Gari likiwa limepoa, gonga boksi la masega kwa nyundo ya mpira. Ukisikia vipande vikicheza ndani, yamevunjika. Kipimo cha uhakika ni kutoa sensa ya kwanza ya oksijeni na kufunga geji ya presha mahali pake: kwenye RPM 2,500 isifike psi 3. Ikizidi, njia imeziba.

Sasa kuhusu kuyatoa na kuacha boksi tupu. Najua inafanyika kila gereji. Mimi siishauri: moshi unakuwa mchafu, taa ya injini haitazimika, na zaidi ya yote masega hayazibi yenyewe. Yameuliwa na injini inayomisi au inayokula oili, na ukiyatoa bila kutibu hilo bado una injini mbovu. Rudi hatua ya 5.

Hatua ya 8: Klachi na gia boksi

Kwa manyuo (gia za mkono): kwenye tambarare, ukiwa na mwendo wa 40 kwa gia namba nne, kanyaga resi ghafla hadi chini. RPM ikiruka peke yake, klachi inateleza. Harufu ya kuungua baada ya mlima ni ushahidi wa ziada. Kabla ya kushusha gia boksi, hakikisha pedali ina mchezo wake wa juu. Klachi iliyobanwa kupita kiasi huteleza hata pleti ikiwa nzima.

Kwa otomatiki yenye kijiti cha kupimia: pima oili ikiwa na moto, injini ikinguruma, gia kwenye P. Nyekundu safi ni nzuri. Kahawia yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. Kwa CVT usikubali kuwekewa ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) ya kawaida "kwa sababu ndiyo iliyopo". CVT ina oili yake, na kosa hilo ni la gharama ya gia boksi nzima.

Hatua ya 9: Injini yenyewe

Ukifika hapa bila kupata kitu, pima mgandamizo wa silinda. 1NZ-FE ikiwa na afya inatoa takriban psi 213. Chini ya 156, au tofauti ya zaidi ya psi 14 kati ya silinda na silinda, imechoka. Zote zikiwa chini kwa kiwango kinachokaribiana, shuku pia cheni iliyolegea na kuvuruga taimingi kabla ya kulaumu ringi.

Wenye dizeli

Tazama moshi mlimani kupitia kioo cha nyuma. Mweusi mzito: mafuta yapo, hewa haitoshi. Kagua ea klina, kisha mipira ya turbo na ya intakula (kipoza hewa ya turbo). Mpira uliopasuka hutoa mluzi au mpumuo mkubwa ukikanyaga, na alama ya oili huonekana pale unapovujia. Kodi yake ni P0299. Bila moshi na bila nguvu: mafuta hayafiki. Toa maji yaliyojikusanya ndani ya filta ya dizeli, badilisha filta, soma kama kuna P0087. Wa buluu ni oili inayoungua, mara nyingi turbo. Usibadilishe nozeli kabla ya filta. Bei zake hazifanani hata kidogo.

Ukikwama

*Nimebadilisha plagi, limekuwa baya zaidi.* Koili haijakaa vizuri, kauri imepasuka wakati wa kufunga, au plagi ni feki. Rudisha za zamani ulinganishe.

*Linakosa nguvu asubuhi tu, likipata moto linapona.* Hilo si tatizo la mlima. Anza na sensa ya joto la injini.

*Linakosa nguvu tangi likiwa chini ya robo tu.* Mlimani mafuta yanakimbilia nyuma ya tangi. Fungua pampu, kagua chujio na jinsi ilivyokaa.

*Mshale wa joto unapanda mlimani pamoja na kukosa nguvu.* Acha vipimo vyote. Simama mahali salama, zima kiyoyozi, acha injini ipoe, usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Gari linalochemsha likilazimishwa kupanda linachoma gasketi ya silinda hedi.

*Kila kipimo kiko sawa, bado halivuti.* Linganisha na gari lingine la aina hiyohiyo, mlima uleule, mzigo uleule. Yakilingana, gari lako ni zima. Yasipolingana, mpelekee fundi ile video ya RPM, picha za kodi na plagi zako zikiwa zimepangwa kwa namba za silinda, kisha mwombe aingie na wewe mlimani kabla hajafungua boneti.